Wimbo wa Kulaza

Lushoto,
11 Mei 1969

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Bibi shikamoo yake, umwambie kwamba bila sweta yake baridi ya huku ingekwisha kunimaliza.

Tumefundishwa shuleni kwamba katika barua habari kubwa haitangulizwi, hufikiwa polepole. Nimejaribu, Babu, nimeshindwa. Tunakwenda Tanga!

Siku ya Saba Saba kutakuwa na tamasha la muziki la mkoa mzima: kwaya, ngoma, taarabu na matarumbeta. Katika vikundi vyote vya matarumbeta vya huku, kimechaguliwa chetu, wasichana watupu. Juzi tulipita sokoni tukijizoeza, wanaume wa pale wakapiga kelele, "Mtaolewa na nani na midomo iliyovimba hivyo?" Zainabu binti Omari, rafiki yangu anayepiga ngoma kubwa, akawajibu bila kukosa pigo, "Tutaolewa na viziwi!"

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla ya tamasha, tutakwenda na Mkuu wa Mkoa na wazee wa vita kwenye makaburi ya vita vya 1914 kuweka maua kwenye jiwe la kumbukumbu. Mwalimu Sefania, kiongozi wetu, aliuliza nani ana wimbo wa kuwaombolezea waliokufa vitani, usiwe wa kitabuni, uwe wa kwetu. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nikampigia Wimbo wa Kulaza, ule unaoupiga wewe kila anapozikwa mtu Bungu, kama ulivyonifundisha nyuma ya banda la ng'ombe. Nilipomaliza, Mwalimu alivua miwani akaifuta. Akasema, "Klara, huo ndio. Mstari wa kwanza utaupiga wewe peke yako, kisha wenzako watatu wataingia." Tangu siku hiyo silali vizuri, kwa furaha.

Fomu ya ruhusa imo humu ndani. Baba na Mama wamehamia kijiji cha ujamaa huko Handeni, kwa hiyo mlezi wangu ni wewe. Bila sahihi yako siendi. Tafadhali iweke upesi, hata kabla ya kukamua.

Mjukuu wako,
Klara

*

Bungu,
20 Mei 1969

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Mke wangu mkubwa Secilia anakusalimu na anasema usimwibie mume.

Huku mvua haijaisha. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, nimesikitika, lakini yeye anaonekana ameridhika. Mahindi ya bondeni yameoza miguu. Jino langu la mbele lililobaki lilitoka siku ya Ijumaa Kuu, sasa muwa ninautazama tu.

Fomu nimeiona. Ni karatasi nzuri, nyeupe. Kabla sijaigusa naomba unijibu haya. Hao wazee wa vita watakaokuwepo, ni askari wenyewe au watoto wa askari? Ni wangapi? Na masikio yao yakoje, bado wanasikia?

Nyimbo nzuri ni nyingi. Mnaujua ule wa Krismasi wenye sauti nne. Kwa nini msipige ule?

Mumeo,
Tobia

*

Lushoto,
2 Juni 1969

Ndugu Mzee Tobia,

YAH: RUHUSA YA MWANAFUNZI KLARA NA MATUMIZI YA WIMBO WAKO

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa muziki wa mjukuu wako. Amenisomea maswali yako. Wazee watakaohudhuria ni askari wenyewe, wapatao sita, na nimehakikishiwa kwamba wanasikia vizuri.

Nimefundisha matarumbeta miaka kumi na minane. Sijapata kusikia wimbo wa maziko uliotulia namna ile. Unaanza kama mtu anayeita, kisha unapanda ngazi kwa ngazi, na pale mwishoni unarudia sauti ileile mara tatu, kama mtu asiyetaka kuondoka kaburini. Nimeuandika kwa noti kwa ajili ya matarumbeta manne, na umekwisha kuingizwa katika ratiba ya siku hiyo. Ningefurahi kujua aliyeutunga, ili atajwe.

Kuhusu Klara nitasema jambo moja tu. Wasichana wengine nimewafundisha kupuliza. Huyu alikuja ameshafundishwa, na amefundishwa vizuri.

Natumaini fomu itafika kabla ya tarehe 25.

Wako katika kujenga Taifa,
Sefania, Mwalimu

*

Bungu,
10 Juni 1969

Mke wangu,

Nimepata barua ya Mwalimu wako. Mtu wa adabu. Mwambie aliyeutunga hajulikani, na asimtafute.

Sasa sikiliza. Safari naikubali. Wimbo siukubali. Wimbo ule ni wa Bungu, haujapata kushuka mlima huu tangu nilipoanza kuupiga, na sitaki ushuke nikiwa hai. Piga mwingine wowote. Piga hata wa shule wa kuhesabu kuku.

Usiniulize sababu. Fomu nitaituma Mwalimu akiniandikia kwamba wimbo ule umeondolewa.

Secilia amekufumia soksi.

Tobia

*

Lushoto,
17 Juni 1969

Babu,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara saba. Umesema nisiulize sababu, kwa hiyo siulizi. Nimeitafuta mwenyewe, na nadhani nimeipata.

Pasaka ya mwaka jana Mzee Rubeni wa baraza la kanisa alituona pale bandani, mimi nikipuliza na wewe ukipiga mapigo kwa ndoo. Akasema, "Tobia, mwanamke hapulizi tarumbeta, anafukuza kuku nalo." Wewe ulicheka. Nilidhani unamcheka yeye. Sasa naelewa kwamba mlikuwa mnacheka pamoja.

Ndiyo sababu ulinifundisha nyuma ya banda, nisionekane. Kwenye kinyesi cha ng'ombe naweza kuupiga, lakini mbele ya Mkuu wa Mkoa na mbele ya askari wenzako, hapana. Huko ni aibu kwako wimbo wa maziko ukitoka katika kinywa cha msichana.

Sikukasirika, Babu. Nilikaa kidogo chooni, kisha nikatoka. Nimemwambia Mwalimu kwamba wimbo uondolewe, na kwamba nitabeba bendera. Mwalimu amesema atasubiri hadi tarehe 25 kabla ya kubadilisha ratiba. Sijui anasubiri nini.

Mwambie Bibi asante kwa soksi.

Klara Tobia

*

Bungu,
21 Juni 1969

Klara,

Leo sikuiti mke. Leo wewe ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu, na mimi ni mtu mzima aliyesoma barua yako akashindwa kumaliza uji.

Fomu hii hapa. Sahihi yangu hiyo, imetetemeka lakini ni yangu. Nimempa dereva wa basi aipeleke kwa mkono wake, maana posta ina miguu ya kobe.

Piga. Piga Wimbo wa Kulaza huohuo, na uwe wa kwanza, na usimame mbele ambapo kila mtu atakuona. Rubeni nilikuwa namcheka yeye. Nilikufundisha nyuma ya banda kwa sababu Bibi yako alikuwa hawezi kulala mchana kwa kelele zako.

Ninayo sababu nyingine, na haihusu wewe wala usichana wako. Nimeipima mkononi pamoja na barua yako nikaona nyepesi. Likitokea lolote huko, lawama ni yangu.

Upige polepole, kama nilivyokufundisha. Polepole sana.

Babu yako,
Tobia

*

Lushoto,
9 Julai 1969

Babu, Babu, Babu,

Shikamoo! Tumerudi jana na bado masikio yangu yanavuma!

Nianze wapi? Jumapili baada ya ibada tulipanda lori la ushirika, sisi ishirini na wawili, na matarumbeta tuliyosugua kwa majivu na ndimu mpaka tukajiona nyuso. Kwenye kona za Soni Zainabu alitapika ndani ya ngoma yake, si ndani hasa, pembeni. Tulipofika Mombo tulivua masweta. Korogwe tukavua soksi. Muheza Mwalimu Sefania akasema, "Basi, wasichana, inatosha!"

Tanga ni moto, Babu. Tarumbeta likikaa juani dakika tano huwezi kuligusa kwa mdomo. Tulilala darasani kwenye mikeka, na wenyeji wetu walitupa wali wa nazi na samaki, nikala kichwa kwa sababu sikujua kwamba kinaachwa.

Kisha tamasha! Watu walijaa uwanjani, wengine juu ya kuta. Kulikuwa na ngoma kutoka Zirai, wachezaji wana njuga mpaka mapajani. Kulikuwa na taarabu, wanawake wamevaa dhahabu na hawacheki hata kidogo. Kulikuwa na bendi ya wafanyakazi wa mkonge, wanaume thelathini wenye sare, na walipotuona tukipanga mstari mmoja wao akasema, "Hawa wamekuja kutuuzia kabichi?"

Tulipiga nyimbo tatu. Katika ule wa pili kuna mahali napanda peke yangu juu kabisa, na nilipofika pale mzee mmoja juu ya ukuta akapaza sauti, "Huyo binti ana mapafu ya mhunzi!" Watu wakapiga makofi kabla hatujamaliza. Tumekuwa wa pili, Babu, wa pili katika mkoa mzima! Wa mkonge walikuwa wa kwanza, lakini yule wa kabichi alikuja kunipa mkono.

Makaburini pia tulipiga. Ilikwenda vizuri. Wazee walifurahi.

Mwalimu anasema mwakani huenda tukaalikwa Moshi. Mkono umechoka kuandika. Nakupenda, na samahani kwa barua ile ya Juni.

Mke wako,
Klara

*

Bungu,
18 Julai 1969

Mke wangu, mpulizaji wa mkoa,

Marahaba, na hongera. Nimemsomea Secilia barua yako mara mbili, na ile sehemu ya kichwa cha samaki mara tatu. Rubeni alikuwa akipita njiani, nikapandisha sauti.

Sasa tuzungumze. Umeandika kurasa nne. Kichwa cha samaki kimepata mstari mzima. Makaburi, ambayo ulikuwa hulali kwa ajili yake, yamepata maneno saba. Na wazee, unasema, walifurahi. Klara, watu hawafurahi makaburini. Wewe ni mtoto mkweli na hujui kuficha, unafunika chungu kwa ungo.

Nani alicheka?

Usijibu kwanza. Ngoja niseme, maana nimenyamaza miaka hamsini na nimechoka.

Mwaka 1916 Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma walitukusanya vijana wa mlimani tuwabebee mizigo. Nyinyi wote mnadhani nilikuwa askari, kwa sababu nilirudi na tarumbeta. Sikuwa askari. Nilikuwa mpagazi. Nilibeba sanduku la risasi kutoka hapa hadi ng'ambo ya Rufiji, na sikupata kushika bunduki.

Mpiga tarumbeta wa kikosi aliitwa Mussa. Alikuwa na milio mingi: ya kuamka, ya kujipanga, ya hatari, ya kuzikia watu. Mimi sikuwa naitofautisha. Mpagazi husikia mlio mmoja tu, ule wa kuwaita askari kula, kwa sababu askari wakishaitwa, baadaye kidogo na sisi tutapata chochote. Mlio huo niliujua kama ninavyojua sauti ya mama yangu. Usiku wa njaa niliupiga mluzi kichwani ili nilale. Mussa alipougua homa nilimbeba siku mbili, na alipoona hafiki akanipa tarumbeta lake. Alikuwa anataka kunifundisha milio mingine. Hakuwahi.

Nilifika Bungu mwaka 1919, wakati wa ile homa kubwa. Siku hiyohiyo walikuwa wakimzika baba yake Secilia. Waliponiona na tarumbeta, mzee wa kanisa akasema, "Kijana, umetoka vitani. Tupigie kama wanavyopigiwa wanaume." Watu wote walinitazama. Nikapuliza kile nilichokijua, nikakipuliza polepole kwa sababu nilikuwa naogopa.

Walilia, Klara. Watu waliokuwa wamezika mpaka machozi yakakauka, walilia. Jioni nilikwenda kwa Secilia kusema ukweli. Akaniambia kwamba ile sauti ndiyo iliyomfanya aamini kwamba baba yake amepumzika. Sasa wewe ungesema nini?

Kesho yake wakazika tena, wakaniita. Na kesho kutwa.

Nimewazika watu mia tatu wa Bungu kwa mlio wa chakula. Nilijua kwamba siku ukishuka mlima, askari mmoja mwenye masikio atautambua. Niambie sasa, usifunike.

Tobia

*

Lushoto,
26 Julai 1969

Babu yangu,

Shikamoo. Nitakuambia yote.

Tulisimama mbele ya jiwe. Mkuu wa Mkoa alivua kofia, watu wakanyamaza. Wazee sita walikuwa wameketi kwenye benchi, wamevaa nishani zao. Nilipiga mstari wa kwanza polepole sana, kama ulivyosema. Nikaona mzee wa mwisho, Mzee Abdallah, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikazidi kupiga kwa moyo. Tulipofika zile sauti tatu za mwisho akashindwa kabisa, akasema kwa sauti kila mtu akasikia, "Mabinti, sahani ziko wapi?"

Mwenzake akamkanyaga mguu. Watu wakaguna. Mimi nilitamani niwe chini ya jiwe lile.

Baadaye aliniita. Hakunidhihaki, Babu. Akaniuliza, "Huu mlio kakufundisha nani?" Nikasema, babu yangu Tobia wa Bungu, na ni wimbo wa maziko. Akasema, "Binti, huu ni mlio wa kula. Lakini mmeuchelewesha, chakula kingepoa. Uupige upesi, hivi." Akagonga mapigo kwa fimbo yake.

Nikaupiga upesi. Mzee Abdallah akainuka. Akanyoosha mikono mbele kama mtu aliyeshika sahani, akaanza kutembea, na wale wenzake watano wakainuka mmoja mmoja, wakapanga mstari nyuma yake, mikono imenyooshwa. Walitembea hivyo mpaka kwenye jiwe, na hapo wakasimama, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwapakulia. Nikawa naendelea kupiga, sikujua niache lini. Mzee Abdallah ndiye aliyegeuka akasema, "Basi, mwanangu. Hawa waliolala hapa wengi walikufa na njaa. Hakuna aliyewaita kula siku nyingi." Na hapo ndipo alipolia.

Nilikuficha kwa sababu nilidhani wewe hukujua. Nilidhani mtu alikudanganya ukiwa kijana, na kwamba nikikuambia utaona maziko yako yote yameharibika. Kumbe tulikuwa tunafichana kitu kimoja.

Sijui unapaswa kufanya nini. Mimi bado ni mtoto. Lakini mimi nimeupiga kwa namna zote mbili, na polepole haukuwa uongo.

Klara

*

Bungu,
17 Agosti 1969

Klara,

Marahaba. Barua hii anakuletea dereva wa basi. Isome ukiwa umesimama, kwa sababu huna muda.

Tarehe 3, baada ya ibada, niliomba nafasi nikasema yote mbele ya watu. Secilia nilikuwa nimemwambia kwanza nyumbani, usiku wa kuamkia siku hiyo. Akasema, "Baba alikuwa anapenda kula," akageukia ukutani. Kanisani wa kwanza kuinuka alikuwa Mama Timotheo, unamjua ulimi wake. "Marehemu mume wangu," akasema, "kengele ya kanisa hakuisikia hata siku moja, lakini chungu kikiepuliwa bonde la pili alisikia. Tobia, ulimpigia kinachomhusu." Watu wakacheka, wengine huku wanajifuta macho. Nikadhani nimepona.

Rubeni hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka. Kwa wimbo ule nimemzikia baba yake, mke wake na watoto wawili. Wiki mbili amepita mlangoni kwangu bila salamu.

Usiku wa jana dada yake, Bibi Mwanaisha Paskali, amefariki. Alfajiri ya leo nikasikia hodi. Rubeni amesimama uani, amevaa kanzu ya kanisani.

"Tobia," akasema, "miaka hamsini umeniliza kwa mlio wa ugali."

"Ndiyo," nikasema.

"Na nililia kweli."

"Ulilia kweli. Nilikuona."

Akatazama ng'ombe. "Dada nitamzika kwa huohuo. Nikimzika kwa mwingine ataniuliza, mbona wenzangu wote wamepigiwa."

Nikamwambia meno sina, tangu Pasaka natoa upepo mtupu, hata kikohozi kinanishinda. Akasema, "Na yule msichana?" Nikamkumbusha kwamba mwanamke hapulizi, hufukuza kuku.

"Tobia, nina msiba, usinichoshe. Mwandikie mke wako."

Maziko ni Jumatano saa nane, tunamngoja mwana wa marehemu kutoka Moshi. Rubeni anauliza utaupiga upesi au polepole. Nimemjibu kwamba wa kuulizwa si mimi tena.

Tobia

*

Lushoto,
18 Agosti 1969

Mwalimu Sefania,

YAH: KUOMBA RUHUSA YA SIKU TATU

Shikamoo Mwalimu. Naomba ruhusa ya kwenda Bungu kuanzia kesho asubuhi hadi Alhamisi, na naomba kuazima tarumbeta langu la shule.

Sababu ni maziko ya Bibi Mwanaisha Paskali. Fomu inataka niandike uhusiano wangu na marehemu. Hatuna undugu. Ninakwenda kama mpiga tarumbeta wa Bungu.

Nitaupiga polepole wakati wa kumshusha. Wakishamaliza kufukia, nitaupiga upesi, ili watu waende wakale.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Klara Tobia